Kozi ya Kubonyeza Karatasi

Kisumu,
Jumapili mchana.

Dada yangu Mghoi,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto wote wanaolala chini ya paa lako. Mimi sijambo, ila mvua imekataa kunyesha wiki ya tatu sasa, na joto la huku linamfanya mtu aoge mara mbili na bado anuke jasho. Goti la Mama linaendeleaje? Uliniandikia kwamba daktari wa misheni amemkataza kubeba maji. Sasa niambie ukweli: ameacha, au bado anatoka na ndoo akisema anakwenda tu kumjulia hali jirani? Na ile mihogo ya kule bondeni, nyani wamewaachia chochote?

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakasirika. Unasema ulisimama mbele ya akina mama wa kanisa ukatangaza kwamba mdogo wako sasa ni mkuu wa kompyuta Kisumu nzima. Halafu baada ya miezi michache binamu yetu Mwakio akashuka na treni na habari nyingine, kwamba nimefukuzwa kazi na ninazurura mjini. Sasa unaniuliza ushike lipi. Dada, usishike hata moja. Kaa chini, weka hilo sufuria kando, nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Unajua kwamba nafanya kazi katika kiwanda cha nyavu za kuvulia samaki, lakini hujawahi kuniuliza wavu unatengenezwaje. Mashine inafunga mafundo kwa uzi wa nailoni, maelfu kwa maelfu, mpaka unatoka mfano wa shuka refu lenye matundu. Kila tundu tunaliita jicho. Wavu ukitoka mashineni unaingia katika tanuri ya mvuke, sisi tunaiita jiko, ukapikwe ili mafundo yakaze. Usipopikwa, mafundo yanateleza na samaki anakuaga. Ukishapoa unakaguliwa, unashonewa kibandiko kinachoonyesha ukubwa wa jicho, unafungwa, unakwenda sokoni. Na hilo jicho ndilo kila kitu. Wavu wa ngege, samaki ambaye wengine humwita perege, sheria inataka jicho la inchi tano. Likiwa dogo linabeba mpaka watoto wa samaki, na maafisa wa uvuvi wakikukuta nao ufukoni wanauchoma moto mbele ya macho yako.

Mkaguzi wetu kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa Min Apiyo. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Min Apiyo ni mama yake Apiyo. Ni mwanamke mwembamba, mweusi sana, hana maneno. Alikuwa anavuta jicho la wavu kwa vidole gumba viwili, anapitisha kijiti chake cha kupimia, kisha anasema "Rudisha," na wavu unarudi. Hakuna aliyebishana naye. Hata mzee mwenye kiwanda, Mungu amlaze pema, akisikia "Rudisha" alikuwa anaunyanyua wavu mwenyewe. Sasa kiwanda ni cha mwanawe, Bwana Nilesh, kijana mpole aliyesomea ng'ambo, ambaye wakati ule alishinda ghorofani na makaratasi, na mambo ya chini akamwachia meneja wa wafanyakazi, Bwana Tobias.

Bwana Tobias ni mtu wa mhuri. Ukimsogelea na paji la uso tupu atalipiga mhuri na kuliweka kwenye faili. Uzi haujui, wavu haujui, ziwa lenyewe nadhani hulitazama siku ya Krismasi tu.

Basi mwaka jana ikaletwa mashine mpya kutoka Asia. Dada, mashine ile ni nzuri, nataka hilo ulijue kabla sijaanza kutukana watu. Zile za zamani, kubadilisha ukubwa wa jicho ni kufungua gia, kupaka grisi mpaka kwenye nywele, siku nzima imeisha. Hii mpya ina kioo kidogo chenye namba za kijani na vibonyezo. Unataka inchi tano, unabonyeza tano, basi. Fundi aliyekuja kuifunga alikaa nasi wiki mbili. Alikuwa mtu wa mikono, anaeleza kwa vidole na kwa michoro, na angetufundisha wote kama tungeruhusiwa kumkaribia. Lakini Bwana Tobias alisema mgeni asisumbuliwe. Wakamchukua wao, wakubwa wa ofisini, wakampeleka hotelini kula samaki kila mchana, mpaka wiki mbili zikaisha akapanda ndege. Yale aliyoyajua akarudi nayo kwao, pamoja na harufu ya samaki.

Ndipo tangazo likabandikwa mlangoni pa kantini. Wafanyakazi wote watatayarishwa kwa teknolojia mpya za dijitali. Mkufunzi anatoka Nairobi.

Huyo mkufunzi jina lake Felix, lakini alitaka aitwe Dakta. Udaktari wa nini, hakusema, na Bwana Tobias hakuuliza. Alivaa koti la suti katika joto la Kisumu na mfukoni alikuwa na kalamu nne. Wiki nne nzima sikumwona akiandika na hata moja. Alipenda kusema, "Dijitali inakuja, na haitapiga hodi!" Kila asubuhi alisema hivyo, kama mtu anayetutisha kwa fisi.

Sasa sikia kozi yenyewe. Mashine mpya ilikuwa hatua thelathini kutoka kantini, imefunikwa plastiki. Haikuruhusiwa kuguswa na mtu ambaye hajafuzu. Na kompyuta ya kujifunzia haikuwepo. Dakta alileta karatasi za manila, na kwenye kila karatasi amechora vibonyezo kwa kalamu nzito. Watu wanne, karatasi moja. Anapiga kelele mbele, "Andika jina lako!" na sisi watu wazima arobaini, wenye watoto na wajukuu, tunagonga karatasi kwa vidole. "Sasa bonyeza Enta!" Tunabonyeza Enta. Kisha anatuuliza, "Mmeona nini?" Na Dada, watu walikuwa wanamjibu. Wanasema wameona majina yao. Siku moja chai ilimwagikia karatasi ya meza yetu, na tangu siku hiyo kompyuta yetu ikawa inanuka maziwa.

Mimi, nakiri, niliipenda kozi hiyo. Nilimaliza kidato cha nne, Kiingereza nakisikia, na nilikaa meza ya mbele. Nilikuwa nimeshaona cheo.

Wiki ya pili Min Apiyo aliinua mkono. Tangu kozi ianze hakuwa amesema neno. Akasimama, akashika mgongo wa kiti, akauliza kwa Kiswahili chake cha huku, "Mwalimu, hii namba ya mashine, inapima wavu mbele ya kupikwa ama nyuma ya kupikwa?"

Dakta alimtazama, akamtazama Bwana Tobias aliyekuwa amekaa pembeni, kisha akatabasamu. "Mama," akasema, "kompyuta haipikwi. Tukipika kompyuta tutakula nini, waya?"

Kantini nzima ikacheka. Nami nilicheka, Dada. Nilicheka kwa sauti, tena nikiwa nimegeuza uso upande wa Dakta ili anione nikicheka. Min Apiyo alisubiri kicheko kiishe, akaona hakuna jibu nyuma yake, akakaa.

Mwisho wa kozi ukaja mtihani. Maswali hamsini, yote kwa Kiingereza. Nani alivumbua kompyuta. Herufi hizi tatu ni kifupi cha maneno gani. Taja aina za diski. Katika maswali yote hamsini hapakuwa na hata uzi mmoja, sembuse wavu. Matokeo yakabandikwa mlangoni: waliofuzu kushoto, walioanguka kulia. Mimi nilikuwa wa kwanza. Min Apiyo alipata manne.

Walioanguka walikuwa kumi na watatu, na ukiwatazama wale kumi na watatu, ndio waliokuwa wanakijua kiwanda. Fundi wa kushona nyavu zilizotoboka akapelekwa getini kuwa askari. Wengine wakawa vibarua wa kuitwa siku kuna mzigo. Min Apiyo akaondolewa kwenye meza yake ya ukaguzi akapelekwa kushona vibandiko, na meza yenyewe ikabebwa nje, kwa sababu Dakta aliandika katika ripoti yake kwamba mashine ya kisasa inajikagua yenyewe. Kila barua ya kuhamishwa ilitakiwa itiwe sahihi na shahidi kutoka upande wa wafanyakazi. Shahidi alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza. Nilitia sahihi kumi na tatu kwa kukaa mara moja. Natamani kukuandikia kwamba kalamu ilitetemeka. Haikutetemeka.

Wakaniweka kwenye mashine. Nikabonyeza tano, namba za kijani zikasema tano, na nyavu zikaanza kutoka kama maji. Bwana Tobias alikuwa akipita na wageni, ananionyesha kwa kidole. Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua uliyokwenda kuitangaza kanisani, kwa hiyo sikulaumu wewe peke yako.

Siku moja Min Apiyo alipita karibu yangu na mzigo wa nyavu zilizokwisha kupikwa. Huku wananiita Nyar Taita, binti wa Taita. Akasimama akasema, "Nyar Taita, hii macho imelala, imekuwa ndogo."

Nikamjibu, "Mashine inasema tano, mama."

"Inasema?"

"Si unaiona mwenyewe."

Akaitazama ile namba muda kidogo. "Sawa," akasema, akabeba mzigo wake akaenda.

Miezi miwili haikupita. Asubuhi moja akaja pale mapokezi mvuvi mmoja wa Dunga, mtu mzima, wanamwita Jaduong' Odero, jaduong' ni kama kusema mzee wa heshima. Alikuwa amebeba gunia. Mimi niliitwa kwa sababu alitaka kumwona aliyefuma. Akalimwaga gunia juu ya kaunta, na kilichotoka kilikuwa donge jeusi la nailoni iliyoyeyuka, pembeni kimebaki kipande cha wavu ambacho moto haukukifikia, na kwenye kipande hicho kibandiko chetu kimesalia, kizima, kisafi.

"Soma," akaniambia.

"Inchi tano," nikasoma.

"Ehe. Mimi niliuziwa tano. Nimechomewa nne." Hakupaza sauti. "Ile ofisa alipima mbele ya watu wote wa biji, pale ufukoni. Nne na kitu. Nikamwambia angalia tiketi. Akasema yeye si mjinga, ati tiketi nimeshona mwenyewe. Sasa watu wananiita mwizi wa samaki watoto. Mimi! Na vijana wangu wa boti wamekaa tu, hatuna kitu ya kuingia nayo maji."

Nilichukua kile kipande nikakivuta kwa vidole gumba viwili, nikaweka rula. Alikuwa anasema kweli. Na kabla wiki haijaisha wakaja wengine, mpaka watu wa Port Victoria, wamesafiri na mafurushi yao.

Sasa ngoja nikuonyeshe watu wazima wenye elimu wanavyotatua jambo. Dakta akaitwa tena kutoka Nairobi. Akaja na koti lake na kalamu zake nne, na dawa aliyoileta ilikuwa kozi ya kukumbushana. Karatasi za manila tena! Safari hii amepaka vibonyezo rangi. Tukakaa tukabonyeza Enta nyekundu, wakati nje wavuvi wamekaa kwenye ukuta na nyavu zao.

Ijumaa jioni Bwana Tobias akaniita ofisini. Dakta alikuwapo. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa, inataka sahihi yangu tu. Ilisema kwamba mimi, mwendesha mashine, nathibitisha nilifuma nyavu za ukubwa tofauti tofauti, zote sawasawa, na kwamba makosa yalitokea kwenye vibandiko, vilivyoshonwa na mfanyakazi ambaye alianguka mtihani na hawezi kutofautisha namba.

"Min Apiyo?" nikauliza.

"Jina lake lipo hapo," Bwana Tobias akasema. "Huyo mama si mtu wa dijitali. Hata Dakta aliona."

"Niliona mapema kabisa," Dakta akasema. "Alitaka kupika kompyuta."

Kisha wakaniambia habari njema. Kiwanda kinahitaji Afisa Mafunzo. Ofisi ipo, ina feni na zulia. Nifikirie mpaka Jumatatu, nije na kalamu.

Dada, nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi. Sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza lile zulia. Niliwaza pia mwanamke aliyepima nyavu miaka ishirini, na hawa wanataka kuandika kwamba hajui nne na tano.

Jumamosi mchana nikaenda kwake, Nyalenda. Nilimkuta uani anamenya njugu. Hakuniambia karibu. Nikasimama.

Nikamweleza kila kitu, mpaka ile karatasi. Akaendelea kumenya. Mwisho akasema, "Na wewe unataka nini kwangu? Nikuambie sawa, tia sahihi?"

"Nataka kujua uliona nini siku ile ukauliza swali."

"Ulicheka."

"Nilicheka."

"Nilikuona wewe ndiyo ulicheka mrefu." Akatupa maganda. "Wengine nilijua watacheka. Wewe nilikufundisha fundo la kwanza na hii mikono."

Nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Nailoni ikipikwa inajikunja," akasema. "Ile nyeusi inajikunja zaidi ya nyeupe. Mashine ya zamani, fundi alikuwa anafungua jicho kubwa kidogo, ikitoka jikoni inakuwa sawa. Mimi nilikuwa namwambia ongeza, ama punguza. Sasa hii mpya nani anaiambia? Ndiyo nilitaka kujua. Kama yenyewe inajua jiko, basi mimi niende nyumbani. Kama haijui, kuna mahali ya kuiambia? Hiyo tu."

Hiyo tu. Wiki nne za kozi, ripoti yenye jalada la plastiki, na swali la pekee lenye maana lilikuwa hilo, na tuliligeuza kichekesho.

Nikamwomba twende kiwandani saa ileile. Jumamosi mchana mashine zinalala. Getini alikuwa yule fundi wa kushona aliyefanywa askari; alipotuona wawili tukiongozana alifungua geti na kugeuka kutazama barabara. Nikatoa ile plastiki, nikawasha mashine, nikamwambia Min Apiyo abonyeze mwenyewe. Alifuta mkono kwenye kanga. Akabonyeza mara moja, namba ikabadilika, akarudisha mkono haraka kama ameguswa na mtu. Kisha akacheka, peke yake, kicheko kidogo cha puani. Akabonyeza tena.

Nusu saa, Dada. Nilimfundisha kwa Kiswahili, hatukutaja aliyevumbua chochote. Hakuniuliza kibonyezo kinaitwaje, aliniuliza kinafanya nini. Kufikia mwisho wa ile nusu saa alikuwa anaweka namba, anasimamisha, anaanzisha, na ameshaniuliza maswali mawili ambayo mimi, wa kwanza wa kozi, sikuyajua. Tukaweka tano na robo, tukafuma kipande cha nyeusi, tukawasha jiko, tukapika, tukasubiri kipoe. Akavuta jicho kwa vidole gumba. Akapitisha kijiti.

"Tano," akasema.

Mashine haikuwa na kosa hata chembe. Ilikuwa inafanya kile ilichoambiwa, na waliokuwa wanaiambia ni sisi.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Tobias na vile vipande viwili, kile cha tano na robo na kile cha Jaduong' Odero kilichoungua. Hakuvitazama. Alisukuma karatasi upande wangu. Nikamwambia sitatia sahihi. Akauliza kama nimesikia vizuri habari ya ofisi. Nikasema nimesikia, na zulia nimelisikia. Akasema nimesimamishwa kazi kwa kuingiza kiwandani mtu asiyefuzu na kuchezea mali ya kampuni, akapiga mhuri. Hapo ndipo Mwakio alipookota habari yake. Siku hizo mbili tatu alinikuta mjini mchana.

Lakini badala ya kushuka ngazi, nilipanda. Mlango wa Bwana Nilesh ulikuwa wazi. Nikaweka vipande vyote viwili juu ya makaratasi yake, na rula juu yake. Alipima cha kwanza. Akapima cha pili. Akainusa ile nailoni iliyoungua. Nikamweleza habari ya jiko.

Akauliza, "Kwa nini hakuna mtu aliyesema mapema?"

"Min Apiyo alisema, bwana. Darasani, mbele ya watu wote. Tulimcheka."

Akageuka kutazama ukuta. Nadhani alikuwa anafikiria ripoti yenye jalada la plastiki, kwa sababu ilikuwa hapo hapo kwenye rafu, na hakuifungua.

Usidhani sasa nitakuambia kwamba watu wabaya waliadhibiwa. Nyavu zilirudishwa, wavuvi wakapewa nyingine, na Bwana Nilesh mwenyewe alikwenda Dunga na barua ya kumsafisha Jaduong' Odero jina mbele ya wenzake. Hilo nampa heshima yake. Nilirudishwa kazini siku ya nne. Min Apiyo aliitwa, meza yake ikarudishwa ndani, na sasa yeye ndiye anayeongoza zamu ya asubuhi kwenye mashine mpya. Kila mfanyakazi anayetaka kuijua anapita mikononi mwake, akiwa amesimama, na grisi mkononi. Bwana Nilesh siku hizi hushuka kuuliza.

Lakini Bwana Tobias bado yupo na mhuri wake. Na Dakta? Dakta amepata kazi nyingine, katika kiwanda kingine mji mwingine, na nimesikia kwamba katika barua yake ya kujisifu kiwanda chetu kimetajwa kama mfano wa mafanikio. Huko nako watu wanabonyeza karatasi. Ofisi ya Afisa Mafunzo ililetwa kwangu mara ya pili, safari hii bila karatasi ya kutia sahihi, nikaikataa. Basi jibu lako ni hilo: mkuu si mimi, na kufukuzwa sikufukuzwa. Niliikataa kwa sababu afisa huyo atakaa chini ya Bwana Tobias, na kazi yake itakuwa kuandika ripoti za mambo ambayo Min Apiyo anayafanya. Niko kwenye mashine, zamu ya mchana. Wale wengine kumi na wawili, sita wamerudishwa mahali pao. Waliobaki ninawadai kwa Bwana Nilesh kila wiki, na ameanza kunikimbia.

Min Apiyo sijamwomba msamaha kwa maneno. Kila ninapotaka kuanza ananipa kazi.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Nairobi, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye miwani, kuangalia jinsi viwanda vinavyotayarisha wafanyakazi. Bwana Tobias aliwatembeza. Walipofika kwenye mashine mimi nilikuwa napokea zamu, nimesimama hapo hapo. Akanyoosha mkono kwa Min Apiyo, akasema, "Na huyu mama ni mmoja wa matunda ya kozi yetu."

Min Apiyo hakugeuka. Alikuwa anatazama uzi. "Hapana," akasema. "Mimi nilianguka."

Yule mwanamke mwenye miwani akashtuka, akaitazama sakafu, akaitazama mashine. Bila shaka alidhani ni ajali ya kazini. "Oh, pole sana mama! Uliumia?"

Min Apiyo akasimamisha mashine. Akamtazama Bwana Tobias, kisha akanitazama mimi.

"Niliumia, madam," akasema. "Na watu walicheka."

"Jamani!" yule mwanamke akasema, akitikisa kichwa. "Watu wengine hawana utu."

Bwana Tobias alikubali kwamba ni kweli, hawana. Mimi niliinamisha uso nikaanza kutafuta uzi ambao haukuwa umekatika, na nyuma yangu nikasikia Min Apiyo akibonyeza na mashine ikiendelea.

Msalimie Mama, umwambie nitakuja wakati wa likizo na nikikuta ndoo iko kichwani mwake nitaivunja. Msalimie shemeji na cherehani yake, na shangazi mkubwa, yule anayesema kwamba huku tunakula samaki wabichi, na mwalimu wa kwaya, na Mwakio umwambie habari akiokota azipike kwanza kabla ya kuzibeba kwenye treni. Watoto uwabusu mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili kwa kuwa sijamwona.

Mungu akutunze mpaka tuonane uso kwa uso.

Mdogo wako anayekupenda,
Wakesho